Kazi ya kocha wa ulinzi huanzia kwenye video

Rafiki yangu Shabani,

Salamu nyingi kwako na kwa nyumba yote. Umeuliza kama kijana wako, akimaliza kucheza futiboli ya Kimarekani chuoni, anaweza kuishi kwa ukocha wa ulinzi. Anaweza, ila ajue mapema kwamba miaka ya mwanzo ni ya kukaa kwenye kiti mbele ya video, filimbi baadaye.

Mlango wa kawaida ni usaidizi huku akisoma shahada ya pili. Malipo kiduchu, kazi haziishi. Kila jaribio la mpinzani, yaani kila shambulio moja tangu mpira unapoanzishwa hadi unaposimama, analikata kipande chake na kuandika: ni la ngapi kati ya manne, zimebaki yadi ngapi, mpira umelazwa upande gani, washambuliaji wamejipangaje, na nani wameingia. Hilo la mwisho lina namba zake. 11 ni mkimbiaji mmoja na taitiendi mmoja (anayesimama mwisho wa mstari, akizuia na pia kupokea pasi), kwa hiyo wapokeaji watatu. 12 ni mkimbiaji mmoja na taitiendi wawili. Akizikosea, takwimu za wiki nzima zinadanganya, na Jumamosi ya mechi bosi wake anaita ulinzi wa pasi wakati wenzao wanakuja na mbio, yaani kukimbia na mpira. Pia atachora kadi za kikosi kinachomwigiza mpinzani mazoezini. Kadi isiyoonyesha gadi, mzuiaji wa mstari wa mbele wa washambuliaji, anakanyaga wapi ni ya kutupa.

Akivuka hapo hupewa kundi moja, tuseme lainibeka, walinzi wanaosimama nyuma ya mstari wa mbele, na hapo ndipo ualimu hasa unapopimwa. Mapengo ya mstari yana herufi: A kati ya senta (mchezaji wa katikati anayeanzisha mpira) na gadi, B kati ya gadi na mchezaji wa ukingoni, C nje yake. Kila pengo lina mwenyewe. Lainibeka hutazama gadi, si mpira: gadi akisonga mbele ni mbio, akirudi nyuma ni pasi, akichomoka kwenda pembeni mara nyingi mpira unamfuata. Akianza kufukuzia mpira analiacha pengo lake wazi, mkimbiaji anakata na kupenya papo hapo. Jukwaa litamzomea mlinzi wa mwisho, maskini, aliyebaki peke yake.

Juu yake yuko mratibu wa ulinzi, anayeita mfumo wa kila jaribio. Tangu msimu wa 2024, daraja la juu la vyuo linaruhusu kocha kuongea na mchezaji mmoja uwanjani kwa redio ya kofia, lakini sauti hukatwa saa ya jaribio ikibaki sekunde 15. Mwito mrefu haufai kitu.

Kuhusu ajira, usimfiche: kocha mkuu akifukuzwa, wasaidizi wengi huondoka naye. Bud Foster, kocha wa ulinzi, ni wa kipekee. Alicheza chuo cha Murray State, akaanza kazi huko chini ya kocha mkuu Frank Beamer, wakahamia wote chuo cha Virginia Tech 1987. Akafundisha lainibeka, akapanda kuwa mratibu mwenza 1995, akapata tuzo ya Broyles ya msaidizi bora 2006. Beamer alipostaafu baada ya msimu wa 2015, kocha mpya, Justin Fuente, akambakiza, hadi Foster mwenyewe alipostaafu 2019. Wengi hufunga mizigo mara tano au sita kabla ya kufika hapo, na mke na watoto nao wanahama.

Kwa sasa achukue mechi moja nzima, ajaze jedwali la majaribio yote ya timu moja, kisha anitumie. Nitamsahihishia.

Wako,
Salim