Mwanangu, liandike lile daftari

Mwanangu,

Insha yako ya kuombea vyuo vya Marekani nimeisoma mara tatu jana usiku, na mara zote tatu wewe sikukuona. Nimemwona msichana maskini wa Likoni, tangu utotoni ana ndoto ya kuwa daktari, machozi yanamtiririka, mamake anauza mahamri juani. Nimekulea nusu ya umri wako, na huyo simjui.

Najua umeyatoa wapi. Shuleni tumefunzwa kuwa insha nzuri huanza na methali, kila mstari una tamathali, na isipungue maneno 400. Mtahini wa KCSE, ule mtihani wa kumaliza sekondari, anapima lugha. Huyu wa Marekani atakayefungua ombi lako la Common App, ile fomu moja ya kuombea vyuo vingi, alama zako anazo, na barua ya mwalimu wako anayo. Asichokuwa nacho ni wewe mwenyewe, na nafasi uliyopewa ni maneno 650 basi. Zile methali za mwanzo zimeshakula mistari mitatu. Zitoe.

La pili linaniuma kulisema: usimuuze mamako. Umaskini si aibu, ukitaka kuutaja utaje. Lakini katika rasimu hii mama amekaa tu pale aonewe huruma, na wewe umekaa kando yake. Mbona hukuliandika lile daftari?

Lile la jalada la buluu, lenye madoa ya mafuta. Watu wanaokimbilia feri alfajiri hawangoji chenji, na wengine hukopa mahamri. Majina huyajui, ukawa unawaandika kwa alama: "Kofia nyekundu, 30". "Baiskeli ya madafu, 50". "Mama mjamzito, 20". Kisha siku moja nikaona "mjamzito" umekata, umeandika "Mama Pacha", na deni umelipiga mstari. Nikakuuliza kwa nini. Ukanijibu, "Shangazi, amerudi na watoto wawili mgongoni na kifuani, ningemdai vipi?" Mamako alikununia siku mbili, maana unga haununuliwi kwa huruma, na haki yake alikuwa nayo. Ndipo ukaja na sheria yako: deni lisipite 50, na kusamehe ni mara moja kwa mwezi, mkikubaliana nyote wawili.

Insha ni hiyo! Anza pale kwenye jina lililokatwa. Usieleze kwamba una huruma na bidii, msomaji atayaona mwenyewe. Lakini usiishie kwenye kisa, kaa sana kwenye zile siku mbili za kununiwa: ulifikiri nini, mama alikufunza nini, ile sheria ulifikaje kwayo. Wengi huhadithia vizuri, wakifika hapo kwenye kufikiri wanapita mbio. Wala usihangaike kutafuta swali la kulitosheleza. Kati ya maswali saba ya Common App, la mwisho linakuachia uandike utakalo.

Ukiomba Uingereza pia, usipeleke insha hii. UCAS, wanaopokea maombi ya vyuo vya huko, sasa wana maswali matatu, herufi 4,000 kwa yote, na wanachotaka hasa ni somo lenyewe: kwa nini udaktari, na umejiandaaje.

Umeniambia kuna kijana wa saiba anataka elfu tatu akuandikie. Usimpe hata shilingi. Mwisho wa fomu unathibitisha kwamba kazi ni yako, na ikibainika si yako, wanaweza kukufutia hata nafasi uliyokwisha kupewa. Kuandikiwa na akili unde nako ni vivyo hivyo. Mimi nitakusomea, nitakuuliza maswali, nitakuonyesha palipolegea, lakini kalamu siishiki.

Muda upo, ila si mwingi. Maombi ya mapema katika vyuo vingi hufungwa tarehe 1 Novemba, na vingi vina maswali yao madogo ya ziada, ambayo huchosha kuliko insha yenyewe.

Utaiandika kwa Kiingereza, lakini kwanza nisimulie kwa Kiswahili kama unavyonisimulia jikoni, tuirekodi kwenye simu, kisha ukae uandike ulichokisema. Jumamosi navuka asubuhi na mapema. Nikukute hapo kwa mamako, na daftari uwe nalo. Ukurasa wa Mama Pacha usiuchane.

Shangazi yako