Kaharabu sio dhahabu, mwambieni Shaibu

Dada Zuhura shikamoo. Mama naye mfikishie shikamoo yangu, na huyo Shaibu mwambie voisi zake za kuomba laki tatu apeleke Dar jiwe lake, eti ni kaharabu, nimezisikia zote asidhani nimezikalia kimya kwa dharau.

Nakuandikia wewe maana kwenye grupu la familia siwezi kusema kitu, mjomba Selemani akisoma tu kesho mtaa mzima unajua. Nimesikia nimekuwa tajiri. Eti Ujerumani naokota madini ufukweni na bati za mama sinunui! Yani kuweka picha za mawe stetasi tu imekuwa kesi.

Sasa ngoja niseme. Kazi ipo, baridi ipo, hayo tuyaache. Nikiwa ofu naenda pwani hapa kisiwa cha Usedom, bahari ya Baltiki hii, wala haipwi na kujaa kama yetu, chumvi yenyewe kiduchu, kwa kweli ukiizoea ya Lindi hii unaiona bwawa. Naenda kwa sababu ukijifungia chumbani unaanza kuwaza nyumbani. Ila upepo ukivuma sana kutoka baharini usiku, asubuhi unakuta mwani umerundikana na vijiti vyeusi vimechanganyika humo, hapo ndo watu wanainama na tochi zile za mwanga wa zambarau wanatafuta kaharabu, maana ikipigwa na ule mwanga inang'aa. Ni utomvu wa miti ya zamani sana, miaka milioni 40 hivi, umegeuka kama jiwe, rangi ya asali. Ndo ile ya tasbihi ya mjomba anayojisifia. Sasa vipande ninavyopata mimi ni punje punje, ukiuza hupati hata hela ya kilo ya sukari, thamani inakuja kwenye mapande makubwa na hayo sijayaona.

Na sio kila cha njano unaweka mfukoni. Mwaka 1943 Waingereza walipiga mabomu Peenemünde, hapa hapa kisiwani, Wajerumani walikuwa wanatengeneza maroketi, na fosforasi ya yale mabomu mpaka leo bahari inaitema. Ikiwa imelowa huwezi kuitofautisha na kaharabu, ikikauka na kupata joto la mwili inawaka yenyewe, nyuzi 1300, na ukimwagia maji inazima halafu ikikauka inawaka tena. Jirani yangu mzee hapa ana kovu la paja linatisha, ndo aliyenipa kopo la bati la biskuti akaniambia chochote cha njano kinakaa humo, kopo lisikae karibu na mwili. Kwa hiyo mnaosema nakula bata ufukweni, sawa.

Ila dada, nikuringishie kidogo. Nilienda kisiwa cha Rügen kwenye yale majabali ya chaki nikaokota jiwe la gumegume, duara, juu lina mistari mitano ya vitone imepangika kama mtu kachora. Wenzangu wakasema jiwe tu. Nikalipeleka kwa mtaalamu wa makumbusho akaligeuza mara moja tu, ni yule mnyama wa baharini wa miiba anayetuchoma miguu maji yakitoka! Wa miaka milioni 70, miiba imeondoka, ganda likajaa jiwe. Na vile vya umbo la risasi kwenye picha, ambavyo Shaibu kasema ni risasi za vita, sio risasi, ni mfupa wa ndani wa jamaa za ngisi waliokwisha zamani. Wajerumani wa kale walidhani vinaanguka na radi.

Halafu hawa wanashangaa mimi nimejulia wapi mifupa. Nikawaambia nendeni Berlin mkamwone yule dubwana, dinosaria wa mita 13 na ushee kwenda juu, mifupa yake imetoka Tendaguru, kwetu Lindi. Walichimba 1909 mpaka 1913, msimamizi wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mzigo ulishuka Lindi vichwani mwa watu, zaidi ya tani 200. Bibi alivyokuwa anasema babu yake alibeba mifupa ya jini sisi tulikuwa tunacheka. Nilisimama chini yake pale nikatamani bibi angekuwepo, basi tu.

Sasa jiwe la Shaibu la Mitwero. Laki tatu ya kulipeleka Dar sitoi. Kwetu hakuna kaharabu ya namna hii, kuna sandarusi, ile waliyokuwa wanachimba wazee wanauza kwa ajili ya vanishi. Achukue glasi ya maji atie chumvi mpaka isiyeyuke tena, alitumbukize. Likizama huenda ni jiwe au kipande cha chupa, aache. Likielea, adondoshee asetoni ya kutolea rangi ya kucha, likinata kidoleni huenda ni sandarusi, lisiponata linaweza kuwa plastiki, achome sindano ya moto asikie harufu. Anipigie video akiwa anafanya, maana namjua, ataniambia limeelea.

Bati natuma Ijumaa ikiingia mshahara, kwa namba yako, sio ya Shaibu na wala sio ya mjomba. Fundi asilipwe kabla hajapaua. Na yule mama wa pweza wa kukausha kama bado yupo sokoni, niwekee, kuna mtu anakuja huku mwezi ujao.

Mdogo wako.