Barua ya Mkuu wa Shule kwa Wazazi: Kufunga Muhula wa Kwanza

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Shule inafungwa Ijumaa saa sita mchana. Matokeo ya mitihani yameambatishwa: Kiswahili tumepanda, Hisabati bado.

Nimefundisha hapa Dodoma miaka mingi, lakini sikuwahi kusikia taarabu ya Unguja na ngoma ya Wagogo zikipigwa kama wimbo mmoja hadi usiku wa onyesho la klabu yetu ya muziki uwanjani kwetu. Mzazi mmoja, mwenyeji wa Unguja, alileta ganuni yake, ala ya nyuzi ya taarabu, akafundisha wiki sita bila kudai hata nauli. Bibi wa mwanafunzi wa Kidato cha Pili alikuja na wenzake kuwafunza mabinti kupiga muheme, ngoma ya wanawake inayobanwa mapajani. Wiki ya kwanza ilikuwa kelele tupu, maana ilimba, ala ya Wagogo ya vibao vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, na ganuni hazikuoana sauti. Vijana wa klabu wakakubaliana ilimba ibaki ilivyo, na ganuni, yenye nyuzi zaidi ya 70, ikazwe upya uzi kwa uzi kuifuata. Walishinda darasani Jumamosi nzima. Siku ya onyesho muheme ulipoitikia ganuni, wazazi mliinuka vitini. Nawashukuru sana.

Ndiyo maana nimeumia. Usiku huo huo wazee walipoanza kupiga zeze, kundi la Kidato cha Tatu liliwazomea, likitaka singeli, muziki wa vijana wa mwendo kasi. Nilipowahoji, wawili walinijibu kwamba huo ni muziki wa kishamba. Neno hilo wamelitoa wapi kama si kwetu sisi wakubwa? Marehemu Hukwe Zawose, mtoto wa mkoa huu, alipiga zeze na ilimba hiyo hiyo hadi Ulaya, na watu wakalipa kiingilio kumsikiliza. Wazazi wa wanafunzi hao nimewaandikia. Siku ya kufungua shule mje nao, wawaombe radhi wazee ana kwa ana. Asiyefanya hivyo hataingia darasani, na nisiletewe mjumbe wa kumwombea.

Mchango wa chakula tulikubaliana wenyewe kikaoni. Wapo wanaodaiwa tangu Februari, na watoto wao wanakula kila siku mahindi ya wenzao. Lipeni. Na mliowaondoa watoto shuleni kwenda kuvuna mtama bila hata kumwarifu mwalimu wa darasa, nitawaita mmoja mmoja.

Muheme mmoja wa kuazima haujarudi kwa mwenyewe. Aliye nao nyumbani aulete kabla ya Ijumaa.

Mkuu wa Shule