Jumamosi tunamkumbuka Tommy Flowers

Wapendwa, Jumamosi saa mbili usiku ni zamu ya Tommy Flowers, mhandisi wa simu wa Posta ya Uingereza aliyefariki 1998. Ndiye aliyebuni Colossus, mashine ya kusaidia kuvunja misimbo ya siri ya Wajerumani, yenye vali (mirija ya kielektroniki ya kioo inayowaka kama balbu) zipatazo 1,600, iliyoanza kazi mwaka 1944 Bletchley Park, kituo cha Waingereza cha kuvunja misimbo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Wenzake walidai vali zingeungua kila mara; yeye alijua hudumu zikiachwa zinawaka. Vita vilipokwisha aliomba mkopo benki atengeneze mashine kama hiyo, akanyimwa: hawakuamini ingefanya kazi, naye kwa kiapo cha siri hakuweza kusema alishaijenga. (Hapo mimi huishiwa maneno.)

Tafadhali tusichanganye na habari za Enigma, mashine nyingine ya Wajerumani ya kuficha ujumbe. Colossus ilishughulikia Lorenz, mashine yao tofauti ya kuficha ujumbe. Anayezifahamu vali atuandalie maelezo ya sauti yasiyozidi dakika tano.