YAH: Maji ya bahari ndani ya oili, gasketi isiyo na kosa, na kauli ya msimamizi wa karakana yenu

Ndugu Meneja Mkuu,

Nawasalimu kwa heshima, na kwa heshima hiyo hiyo naomba barua hii isirudishwe karakana ili ijibiwe na mtu yule yule ninayemlalamikia. Masharti ya dhamana yenu mnayajua, na kumbukumbu za injini yangu mnazo wenyewe, kwa hiyo naingia moja kwa moja kwenye jambo lililonileta.

Mlifungua silinda hedi, yaani kichwa kinachofunika silinda, ya injini isiyokuwa na tatizo la silinda hedi. Mlibadilisha gasketi inayokaa chini yake, mkanitoza kazi na vipuri, mkanikabidhi boti mkisema imepona, na baada ya mwendo wa saa moja tu dipstiki ikatoka na oili ya rangi ile ile ya chai ya maziwa, tena ikiwa imepita alama ya juu. Oili haizaliani ndani ya sampu, lile bakuli lake chini ya injini. Ikipanda bila kuongezwa, kuna kitu kimeingia.

Kabla hamjashika spana niliwaandikia karatasi nzima kwa mkono wangu. Nilieleza kwamba utando mweupe chini ya kifuniko cha kujazia oili, ukiwa peke yake, ungeweza kuwa unyevu wa hewa tu, hasa kwa injini inayowashwa kwa muda mfupi bila kupata moto wa kutosha, lakini yangu ilikuwa imebadilika rangi hadi kwenye dipstiki. Nilieleza kwamba nilidondosha tone la oili hiyo juu ya bamba la chuma lililopashwa moto, likatatarika na kurukaruka, jambo ambalo oili isiyo na maji haifanyi. Na nilieleza, nikapigia mstari, kwamba kulanti, yaani kimiminika cha kupozea injini, haikuwa imepungua hata kidogo kwenye tangi lake. Silinda za injini hii hupozwa na kulanti inayozunguka ndani, na maji ya bahari hupita upande wa pili wa kibadilisha joto, yakiipoza kulanti hiyo bila kuchanganyika nayo wala kuigusa hedi. Kama gasketi ingekuwa imeungua, kilichoingia kwenye oili kingekuwa kulanti, na tangi lingeshuka. Haya si maarifa ya siri, na sikutegemea kuyafundisha mahali ninapolipia utaalamu.

Sasa nije kwenye siku ile. Niliporudisha boti mara ya pili, msimamizi wa karakana yenu alichovya kidole kwenye oili, akakitazama, akacheka, kisha akasema kwa sauti iliyosikika hadi kaunta: "Mzee, hii boti uliizamisha ukaona aibu kusema." Mafundi walicheka. Wateja wawili waliokuwa wakisubiri waligeuka kunitazama. Mwanangu, ambaye ndiye nahodha wa boti hiyo, alikuwa amesimama kando yangu.

Injini iliyozama, ndugu Meneja, ina dalili zake. Maji huingia kupitia njia ya hewa, stata na alteneta huharibika, nyaya huota kutu ya kijani. Injini yangu iliileta boti hadi kwenye gati lenu kwa nguvu zake yenyewe, na msimamizi wenu ndiye aliyeipokea kamba.

Fundi niliyemwendea baadaye hakufungua nati moja kabla ya kupima. Alianza na presha ya mfumo wa kulanti, ikasimama bila kushuka. Sampuli ya oili ilikwenda maabara, na majibu yakarudi kwamba chumvi ni tele na glaikoli, dawa iliyomo kwenye kulanti, hakuna, maana yake ni maji ya bahari. Hapo washukiwa wakabaki wachache: maji yanayorudi kupitia ekzosi, kipoza oili, na pampu ya maji ya bahari. Akatoa nozeli za mafuta, silinda zikakutwa kavu, hivyo ekzosi ikaondolewa. Kipoza oili akakijaza hewa na kukizamisha kwenye ndoo, hakikutoa povu hata moja. Ndipo akaitoa pampu.

Pampu hiyo huendeshwa na gia za injini, na shafti yake ina sili mbili, moja ya kuzuia maji na nyingine ya kuzuia oili, na katikati yake pana tundu dogo linalotokea nje, ili sili ya maji ikichoka mwenye boti aone matone na ajue mapema. Tundu hilo lilikuwa limezibwa na rangi. Ni rangi mliyoipulizia injini yangu katika matengenezo yenu ya mwisho na kuiandika kwenye ankara kuwa huduma ya ziada. Maji yalipokosa pa kutokea yakaipita sili ya pili, yakaingia kwenye gia, yakashuka sampu. Kwa hiyo nimewalipa mara mbili, kwanza mnizibie tundu, kisha mfungue hedi isiyohusika.

Narudi kwenye siku ile, kwa sababu hapo juu niliieleza kwa upole usioistahili. Msimamizi wenu hakufuta kidole chake kwa tambara. Aliichukua ile karatasi yangu iliyobanwa kwenye kadi ya kazi, ile yenye mstari chini ya neno kulanti, akafutia oili mbele yangu na kuitupa kwenye pipa la takataka. Ndipo aliposema, "Mzee, hii boti uliizamisha ukaona aibu kusema." Na nilipomwomba angalau oili ile imwagwe siku hiyo hiyo, alijibu kwamba anayejua kazi aje ajifanyie. Mwanangu alitaka kumjibu, nikamshika mkono. Hadi leo hajaniuliza kwa nini nilimzuia, na mimi sijamweleza.

Oili ile ilikaa ndani ya injini siku 11. Oili yenye maji ya chumvi humwagwa mara moja, ikajazwa mpya pamoja na chujio jipya, injini ikawashwa hadi ipate moto, kisha ikamwagwa tena, na hivyo hivyo hadi itoke safi. Chumvi haingoji foleni ya karakana. Hula beringi na kranki shafti, ile shafti kuu ya injini, injini ikiwa imelala, na nyinyi mliiacha ilale.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kudai kitu kimoja tu, yaani fedha za gasketi na za kazi ya kufungua hedi. Hizo bado nazidai zote. Lakini baada ya kuhesabu zile siku 11, nadai pia gharama ya pampu mpya, ya maabara na ya fundi wa pili, na nadai beringi za kranki shafti zifunguliwe na kukaguliwa na fundi nitakayemchagua mimi, kwa gharama yenu, na zikikutwa zimeliwa mzibadilishe. Nadai vilevile msimamizi huyo aniombe radhi kwa maandishi, kisha aisome barua hiyo mbele ya mwanangu, ndani ya karakana ile ile, mafundi wale wale wakiwapo.

Nilikuwa nimepanga kuwapa siku 14. Nawapa 7, maana 11 mlishazitumia. Zikipita bila jibu la maandishi, pampu yenye rangi tunduni, ambayo nimeihifadhi bila kuisafisha, itakuwa mezani kwa wakili wangu pamoja na majibu ya maabara na ankara zenu zote mbili, na nakala zitakwenda kwa kampuni yangu ya bima na kwa mtengenezaji wa injini, ambaye nembo yake mmeibandika mlangoni mkijiita wakala wake.

Msinipigie simu. Andikeni.

Wenu,
Mwenye boti