Printa ya mama mkubwa imeamka

Moshi,
Jumapili jioni

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku chini ya mlima. Sisi wazima, mvua imeanza, na njia ya kwetu ni tope tupu. Mfikishie mama shikamoo yangu.

Nakuandikia habari ya printa, na nina furaha ambayo nimeona nisiimalize peke yangu. Unaikumbuka ile LaserJet 1020 iliyokuwa juu ya kabati la vioo, pale steshenari kwa mama mkubwa, Mbuyuni? Ndiyo iliyotuchapia barua zetu za kuomba kazi. Kompyuta yake ilipokufa nilimtafutia nyingine iliyotumika, nikaiwekea Debian badala ya Windows, mfumo wa kuendesha kompyuta ninaoufahamu na usiomdai leseni. Kila kitu kilikubali isipokuwa printa. Fundi mmoja akamwambia hiyo imeshakufa, anunue mpya. Ikatiwa kwenye kiroba, ikalala stoo miezi minane, na kila nikipita pale roho ilikuwa inaniuma, kwa sababu ni mimi niliyeleta Debian.

Jumanne iliyopita akaja mwalimu wa darasa la saba kutoka Rau, ana jaribio la wanafunzi 46. Mama mkubwa akamwelekeza duka la jirani, kama ambavyo amekuwa akiwaelekeza wote. Nilikuwa nimesimama pale pale. Jioni nikaitoa kwenye kiroba.

Nilipochomeka waya na kuandika lsusb, amri inayoorodhesha vifaa vya USB, ikajitaja kwa namba yake: 03f0:2b17. Basi nikajua haijafa, maana mashine iliyokufa haitaji jina lake. Ila ukiituma kazi, foleni inasema imekamilika na karatasi haisogei hata kidogo. Nikabadilisha draiva, ile programu inayoiwezesha kompyuta kuongea na printa, mara tatu. Nikajaribu kusukuma maandishi moja kwa moja kwenye /dev/usb/lp0, mlango wa printa ndani ya mfumo. Kimya. Saa tano usiku mama mkubwa akaniletea chai, akaniambia nikalale.

Kumbe mashine hii haina programu yake ya ndani ya kudumu, ile mafundi wanayoiita femuwea. Ikizimwa inasahau yote, na ikiwashwa inakaa kusubiri kompyuta iipelekee upya. Kwenye Windows kazi hiyo ilikuwa ikifanywa na draiva, wala hakuna aliyekuwa anaiona. Tena haijui PCL wala PostScript, lugha zinazoeleweka na printa nyingi za leza. Kompyuta ndiyo inayogeuza ukurasa mzima kuwa nukta, yenyewe inapokea nukta hizo na kuzipiga kwenye karatasi. Kwa hiyo miezi minane yote tulikuwa tunamsemesha mtu ambaye hajaamshwa, na kwa lugha asiyoijua.

Asubuhi nikaweka furushi la hplip, programu za printa za HP kwa mifumo kama Debian, kisha nikaendesha hp-plugin. Hii inashusha kipande cha ziada kutoka intaneti, na toleo la kipande hicho lazima lilingane na toleo la hplip uliyonayo, vinginevyo kinakataa. Bando langu likaisha katikati, nikanunua jingine. Halafu hp-setup -i, amri ya kuisajili printa, nikajibu maswali yake, na printa ikanguruma! Ule mngurumo wa rola kujizungusha, unaoujua. Mama mkubwa aliacha kuhesabu chenji ya mteja akageuka.

Jambo moja bado linanikera. Kipande hicho cha ziada kimefungwa, huwezi kusoma kilichoandikwa ndani yake. Unajua kwamba kisa hiki chote cha programu huru, zile ambazo yeyote anaweza kuzisoma na kuzirekebisha, kina printa ndani yake? Karibu mwaka 1980, pale chuo cha MIT, Marekani, mwandishi wa programu Richard Stallman alitaka kurekebisha programu ya printa ya leza ya Xerox ili iwaarifu watu karatasi zikikwama, kama alivyokuwa amefanya kwa printa yao ya awali. Akanyimwa msimbo wake, yaani maandishi yenyewe ya programu. Mwaka 1983 akatangaza GNU, mradi wa kuandika mfumo mzima wa programu huru. Nimelifikiria sana hilo wiki hii, nimekaa sakafuni Mbuyuni na bisibisi mkononi.

CUPS, programu inayopokea kazi za kuchapa na kuzipanga foleni, yenyewe ni huru, nashukuru. Michael Sweet aliitoa mwaka 1999, na hata hiyo Mac ya ofisini kwenu inachapa kwa CUPS. Inaelewa amri za kuchapa za koo mbili za Unix, lpr ya ukoo wa BSD na lp ya System V, kwa hiyo tulichofundishwa chuoni kwa amri zote mbili hakikupotea. Na ukifungua kivinjari kwenye localhost:631 unaiona foleni yote.

Sasa sikiliza hili, maana litakukuta na wewe. Ukurasa wa kwanza ulitoka umekatika chini, maswali mawili ya mwisho hayapo. Wa pili taa ya njano ikawa inawaka na kuzima. Nikadhani katriji. Sivyo: foleni ilikuwa imejichagulia karatasi ya Letter, ya Marekani, yenye urefu wa milimita 279, na sisi tunatumia A4 yenye 297. Nikaandika lpoptions -p mbuyuni -o media=A4 (mbuyuni ndilo jina nililoipa printa), ikatulia. Anza na hilo kabla hujagusa kitu kingine.

Karatasi nazo zilikuwa zinateleza. Rola ya kuvutia karatasi ilikuwa imejaa vumbi na mpira wake umekuwa laini kama sabuni. Nikaifuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, nikaiacha ikauke, ikaanza kushika.

Alhamisi saa kumi jioni nikaandika lp -n 46 jaribio.pdf. Nakala 46 zilitoka bila kukwama. Mwalimu alikuja akazikuta zimepangwa, bado zina joto.

Ijumaa umeme ukakatika, uliporudi printa ikawa imesahau tena. Nimembandikia mama mkubwa karatasi ukutani: washa kompyuta kwanza, ngoja ifunguke yote, ndipo uwashe printa. Ikigoma, kuna alama kwenye skrini niliyomtengenezea, aibofye mara mbili, inaita hp-firmware, amri ya kuipelekea printa femuwea yake. Jana ameifanya mwenyewe mara mbili, na mara ya pili hakuniita.

Uliniambia ofisi ya parokia yenu ina LaserJet 1200 iliyotupwa nyuma ya mlango. Hiyo ni rahisi kuliko hii, kwa sababu inaelewa PCL na PostScript yenyewe, na haihitaji kulishwa chochote ikiwashwa. Tafadhali mwombe katibu asiwape watu wa vyuma chakavu. Nitapanda Coaster ya asubuhi Jumamosi. Tafuta waya wa USB wenye ule upande wa mraba, na kama hakuna, nijulishe mapema nichukue wa hapa dukani. Kompyuta iwe na intaneti, na karatasi za A4 hata ishirini tu zinatosha kujaribia.

Mama mkubwa anakusalimu, anasema safari hii usipite Moshi bila kuingia dukani.

Wako daima.