Mawe Yako Yamekaa Kama Mafiga

Moshi,
Jumapili jioni

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku kwetu. Sisi ni wazima, masika yameanza kupungua, na mama amesharudi mlimani baada ya kukaa nasi wiki mbili. Nisalimie shemeji na watoto, hasa yule mdogo aliyeniahidi kwenye simu kwamba nikija atanionyesha samaki wake.

Picha ya tangi lako la samaki na mimea nimeipata. Niliitazama jana usiku, nikaitazama tena leo baada ya kutoka kanisani, na kwa kuwa umeniomba nikuambie ukweli kabla hujatia maji, nimeona nikuandikie barua nzima badala ya kukujibu maneno mawili. Kioo chako ni kizuri. Urefu sentimeta 90, upana na kimo 45, hata mimi sina kikubwa hivyo. Kisiki nacho nimekipenda. Mawe ndiyo yaliyonikosesha raha. Umetafuta mawe matatu yanayolingana, ukayapanga kwa nafasi sawa, halafu kisiki ukakisimamisha katikati yake kama nguzo. Swahiba, hayo ni mafiga. Mtu akiangalia anatafuta chungu kiko wapi.

Unaukumbuka mfongo, ule mfereji wa maji unaopita nyuma ya kihamba cha babu, shamba lake la nyumbani? Likizo ile uliyokuja kwetu tulitumwa kuuzibua, tukashinda maji magotini tukitoa majani na matope. Mwezi uliopita nilipanda kwenda kumwona shangazi, nikashuka mpaka pale, nikachuchumaa ukingoni karibu saa nzima. Nilikuwa natazama jiwe moja tu, bapa, ukubwa wake kama sahani ya wali. Halikusimama wima wala halikulala chali. Ukingo wake wa chini ulikuwa umezama kwenye mchanga upande maji yanakotoka, na mgongo umeinuka ukiegemea yanakokwenda. Mbele yake maji yalikuwa yamechimba kishimo. Nyuma yake mchanga mwembamba ulikuwa umejikusanya, mpana penye jiwe, kisha ukapungua na kupungua hadi ukawa ncha, kama mkia. Ndani ya mkia ule vilikuwamo vijiwe viwili vitatu vyeusi, vimezikwa nusu. Na kila jiwe bapa nililoliona kwenye mfongo ule lilikuwa limeegemea upande uleule.

Hilo ndilo picha yako inalokosa. Ndani ya tangi hamna mto, lakini wewe unayepanga lazima uamue maji yanatoka upande gani. Tuseme yanatoka kushoto. Basi mawe yote yainamie kulia, mchanga ujae kulia kwa kila jiwe, na vijiwe vidogo vijikusanye hukohuko. Kisiki nacho kifuate. Mti ukichukuliwa na mafuriko, sehemu yenye mizizi ndiyo nzito, ndiyo inayokwama kwanza, na shina linageuka kuelekea chini ya mto. Nenda mto Weruweru au mto Kikafu baada ya mvua kubwa utaona mwenyewe. Kwa hiyo mizizi ya kisiki chako iwe kushoto na matawi yaelekee kulia. Ukishaamua hivyo, nusu ya maswali uliyoniuliza yanajijibu.

Kuna mzee mmoja wa Kijapani, Takashi Amano, mpiga picha kutoka Niigata, aliyezaliwa mwaka 1954. Alianza maisha kama mwendesha baiskeli wa mashindano, kisha akaingia misituni kupiga picha, na alichokiona huko akakirudisha ndani ya vioo. Alifariki mwaka 2015, mwaka uleule lilipofunguliwa tangi lake kubwa kule Lisbon, Ureno, lenye urefu wa mita 40. Nimeitafuta video yake mara nyingi. Yeye alipanga mawe kwa desturi ya kwao, ambayo kila jiwe lina jina kwa kazi yake. La kwanza wanaliita jiwe mzazi, kubwa kuliko yote, kimo chake kama theluthi mbili za kina cha maji. La pili ni makamu wake. La tatu ni msindikizaji, linakaa karibu na mzazi kumpa nguvu. Halafu liko dogo wanaloliita jiwe la kutupwa. Hilo huwekwa pembeni, mimea itakuja kulifunika, na mgeni hataliona. Mimi nililiondoa langu siku moja nikidhani halina kazi, na upande mzima wa kulia ukawa kama umepwaya. Nikalirudisha.

Idadi iwe ya witiri, matatu, matano au saba, ili jicho lisiyagawe mawiliwawili. Na mzazi asikae katikati. Kwa tangi lako la sentimeta 90, pima sentimeta 34 hivi kutoka ukingo wa kushoto, hapo ndipo jicho linapenda kutua. Ni uwiano ambao mafundi wengi wa picha na majengo wanaupenda, yaani sehemu ndogo ikiwa moja, kubwa ni moja nukta sita na ushee. Usiifanye rula kuwa bwana wako, lakini anzia hapo.

Sasa, mawe gani. Lile jeupe ulilotoka nalo Tanga, nakuomba ulitoe. Najua unalipenda. Lidondoshee siki halafu inamisha sikio, utasikia linachemka. Hiyo ni chokaa, nayo itayeyuka kidogokidogo na kuyafanya maji kuwa magumu kila siku. Ungekuwa unafuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambalo maji yake ni magumu na pH yake, kipimo cha tindikali ya maji, inakaribia 9, ningekwambia ongeza mengine. Lakini wewe unataka mimea, na mingi ya hiyo uliyoiorodhesha inapenda maji laini. Sisi tumekaa chini ya Kilimanjaro na ninyi chini ya Meru, milima yote miwili ni ya volkano, mawe meusi yako kila mahali na siki hayaijui. Yapo ya aina mbili. Lile zito lililobana lina sura nzuri ya kuwa mzazi. Lile jepesi lenye matundu ni zuri kwa kufungia mimea, maana mizizi inaingia kwenye matundu na kushika. Usiyachanganye kwenye kundi moja. Chagua aina moja ndiyo ionekane, nyingine ifiche chini ya mchanga. Na usichukue hata kokoto ndani ya hifadhi, ni kosa. Mawe ya barabarani na ya mashambani yanatosha, muombe tu mwenye shamba.

Kuhusu kisiki nina jambo linaloniuma hadi leo. Tangi langu la pili nililipamba kwa kisiki cha mbuni. Unajua mibuni ya zamani kihambani iling'olewa ili kupanda zile aina mpya za kituo cha utafiti wa kahawa cha Lyamungo zinazostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Visiki vilirundikwa kando ya banda la ng'ombe, na mimi nikachagua kimoja chenye mizizi iliyojisokota vizuri kuliko mti wowote niliopata kuuona. Nilikikwangua kwa kisu, nikakichemsha, nikakiweka. Siku ya nne konokono wakaanza kuanguka kutoka kwenye kioo. Siku ya saba hakubaki hata mmoja, na wale uduvi wadogo niliowatafuta kwa miezi nao wakafa, wamelala pembeni wamegeuka rangi ya waridi. Samaki hawakudhurika. Nilikaa mbele ya tangi nikajiuliza nimefanya nini. Ndipo nikakumbuka bomba la mgongoni la babu na ule unga wa buluu. Mrututu! Mibuni ile ilipigwa dawa ya shaba miaka na miaka, na shaba huua konokono na uduvi hata ikiwa kidogo sana. Nikakitoa, nikabadilisha maji mara kadhaa, nikatia konokono wapya, wakaishi. Basi kisiki chako, kabla ya jambo lolote, uliza kimetoka wapi. Kama ni cha shamba la kahawa, hata kiwe kizuri namna gani, kiache kiwe pambo la sebuleni.

Na si mbuni tu. Mnyaa wa uani una utomvu mkali, usiuguse. Utupa unaujua, wazee waliuponda na kuutia mtoni ili samaki waelee. Msindano una utomvu wake, mkaratusi una mafuta. Mpera mkavu ni salama, nami ninao mmoja mwaka wa tatu huu. Ila kizuri kuliko vyote ni kile ambacho mto wenyewe umekiosha, gamba limetoka, sehemu laini imeoza ikaenda, umebaki moyo wa mti.

Kichemshe hata hivyo. Azima lile sufuria mnalopikia pilau kwenye shughuli, kichemke saa tatu, mwaga maji, kichemke tena. Maji yatatoka rangi ya chai ya rangi kabisa, na kisa ni kilekile, ni tanini. Haina ubaya kwa samaki, wengine wanaipenda, lakini inapunguza mwanga unaofikia mimea. Kisha kiloweke kwenye pipa wiki tatu ukibadilisha maji. Kikiendelea kuelea, kifunge chini kipande cha kigae kwa skrubu ya chuma kisichopata kutu, kigae ukifukie mchangani. Baada ya kukiweka tangini utaona utelezi mweupe kama kamasi umekivaa. Shemeji atakwambia kimeoza. Hakijaoza. Konokono wataula, na baada ya wiki chache utakwisha wenyewe.

Halafu, kwa nini kisimame katikati? Kumbuka siku tuliyoogelea kwenye chemchemi ya Chemka kule Hai. Wenzetu walikuwa wanarukia kamba, wewe ulikuwa umezamisha kichwa ukitazama chini. Mizizi ya mikuyu pale haioti kutoka chini, inaingia kutoka juu, inatoka ukingoni na kushuka majini, mingine inaishia kabla ya kufika mchangani. Jaribu hivyo. Kisiki kikae nyuma kushoto, sehemu yake itokeze juu ya maji, tawi moja refu lipite mbele ya jiwe mzazi na kuteremka kuelekea kulia. Jiwe na mti vikishikana hivyo vinakuwa kitu kimoja, na chini yake panapatikana kivuli. Kivuli hicho ndicho samaki wanachokitafuta, na ndipo anubiasi, ule mmea wa majini, inapopenda kukaa, maana kwao Afrika Magharibi huota kwenye vijito penye uvuli. Ifunge kwa uzi mweusi juu ya mti. Shina lake nene lile linalotambaa usilifukie, litaoza.

Panga vikiwa vikavu. Hili nakusihi. Kwanza weka karatasi nene ya plastiki au kipande cha povu jeupe la makasha chini ya mawe makubwa, ili ncha isibonyee kioo. Weka mawe kabla ya mchanga, yakae imara yenyewe, samaki wakija kuchimba yasianguke. Mchanga uwe sentimeta 4 mbele na hata 12 nyuma, na ili usiporomoke ficha ndani yake yale mawe mepesi kama tunavyojenga kingo za matuta mlimani. Kila jiwe lizikwe robo yake au zaidi. Inauma kulizika jiwe ulilolibeba kwa shida, lakini lisipozikwa litaonekana limeletwa jana. Changarawe kubwa ikae mbele karibu na mawe, mchanga mwembamba nyuma, na tangi litaonekana lina kina kuliko lilivyo. Ukishapanga, vuta kigoda ukae mbali kidogo, kichwa usawa wa kioo, maana ndivyo tangi litakavyotazamwa. Kisha liache. Pita kesho asubuhi ukienda kazini, pita jioni. Langu hili la sasa nililiacha kavu siku kumi na moja, na siku ya tisa ndipo nilipoona jiwe makamu limegeuza uso upande usio wake.

Hakikisha pia ile meza, maana maji peke yake ni lita 180, yaani kilo 180, bado mawe na mchanga. Fundi aongeze mguu wa katikati.

Jumamosi ijayo nitapanda Coaster ya saa mbili asubuhi. Nitakuja na kiroba cha mawe saba niliyoyapata karibu na mfongo, yote ya aina moja, na mkubwa wao nimempaka chokaa ya kuandikia upande ule uliokuwa chini, ujue alivyokaa kwao. Wewe toa yale matatu, kisiki kiendelee kuloweka, na maji usitie hata ndoo moja. Mwambie mdogo wetu asilale mchana siku hiyo, nataka akae mbele ya kioo atuambie kinachoonekana akiwa chini.

Wasalaam,
Swahiba wako wa Moshi